Mtoto Akifunga Ndoa Melini: Neno kwa Wazazi na Jamaa wa Meru na Embu

Tuseme binti wa Nkubu, muuguzi huko Dallas, anaolewa na kijana wa Runyenjes aliyekutana naye hukohuko Marekani. Mwaliko unafika kwa simu ya baba: harusi itafungwa ndani ya meli ya kitalii katika bandari ya Galveston, Texas, siku ileile meli hiyo inapong'oa nanga kwenda Mexico. Wageni wafike gatini saa tano asubuhi. Mwaliko unasomwa mara mbili, kisha maswali yanaanza kumiminika. Je, nasi tutasafiri na meli? Tukishapanda tutashukaje? Anayefungisha ndoa ni nani, nahodha au mchungaji? Na ukoo mzima, kamati ya harusi, kina mama wa kanisa, hawa wote wataingia?

Mialiko ya namna hii haitaisha. Vijana wetu wengi wamejenga maisha Texas na kwingineko ughaibuni, na harusi ya melini huwavutia kwa sababu ukumbi, chakula na fungate vinalipiwa kwa pamoja. Mzazi anayeujua utaratibu wake mapema ataifurahia siku hiyo. Asiyeujua anaweza kusafiri nusu ya dunia na kuachwa nje ya lango, naye ana zawadi mkononi.

Natanguliza lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Shughuli za nyumbani zitangulie, na zikamilike, kabla mtu yeyote hajapanda ndege. Namaanisha posa, ruracio (mahari), kukutana kwa koo mbili na baraka za wazee. Melini hamtapata nafasi ya kujadili kondoo jike na kondoo dume, mtamba, fahali na chombo cha asali ambavyo kwa desturi ya Wameru hudaiwa na jamaa za binti. Hamtapata pia nafasi ya wazee wa Embu kusimama mmoja baada ya mwingine kueleza walivyofika. Ibada ya melini huchukua chini ya saa moja, tafrija nayo saa moja au mbili, halafu wageni wanaombwa kushuka. Familia inayobeba deni la ruracio hadi gatini inajitafutia aibu, kwa kuwa mjomba asiyeridhika atalisema neno lake hapohapo, mbele ya wageni wasiojua linatoka wapi.

Saa za meli zina sababu zake, na mtu akizielewa hatakasirika akiharakishwa. Meli ya kitalii hurudi bandarini alfajiri na abiria wa safari iliyokwisha. Hao hushuka hadi kama saa nne asubuhi. Mabaharia wanatandika vitanda upya na kupakia chakula cha wiki nzima, na kuanzia kama saa tano abiria wapya wanaanza kuingia. Alasiri, mara nyingi kwenye saa kumi, meli inaondoka. Harusi ya siku ya kuondoka hubanwa katika mwanya huo wa mchana: maharusi na wageni wao huingizwa kabla ya msongamano, ndoa inafungwa karibu na adhuhuri, na kwenye saa nane hivi wale wasiosafiri wanasindikizwa hadi nje. Sheria ya Marekani inaitaka meli inayotoka katika bandari zake kuwasilisha kwa maofisa wa forodha na mipaka orodha kamili ya walio ndani dakika 60 kabla ya kuondoka. Ndiyo maana mgeni aliyejificha chooni ili apate picha moja zaidi anawasumbua watu wengi mno. Ukumbi wa harusi kule Meru ukichelewa, mchungaji hungoja, chakula hufunikwa, na hema halihami. Meli huhama.

Kadi ikiandika 11:00 AM, hiyo ni saa tano asubuhi kwa hesabu yetu. Waandikieni wazee saa hizo kwa Kiswahili au Kimeru kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Mzee aliyezoea saa zetu anaweza kuiona 11 akaelewa saa kumi na moja jioni, na jioni hiyo meli itakuwa baharini.

Kuhusu anayefungisha ndoa, wengi wanaamini ni nahodha. Kwa harusi inayofungwa meli ikiwa bado imefungwa gatini, sivyo. Gati la Galveston ni ardhi ya Texas na sheria inayotumika ni ya Texas: maharusi huchukua leseni ya ndoa kwa karani wa kaunti yoyote ya jimbo hilo, kwa kawaida wanangoja saa 72 kabla ya kufunga ndoa, na leseni hupoteza nguvu baada ya siku 90. Anayefungisha ni mchungaji, padri, hakimu au mwingine anayeruhusiwa na jimbo. Nahodha ana nafasi yake baharini, na hapo sheria inayohesabiwa ni ya nchi ambayo meli imesajiliwa. Kampuni ya Cunard, kwa mfano, ilihamisha usajili wa meli zake kutoka Southampton hadi Bermuda mwaka 2011, na kuanzia 2012 manahodha wake wakaanza kufungisha ndoa katikati ya bahari, jambo ambalo sheria ya Uingereza haikuwaruhusu. Lakini ndoa ya katikati ya bahari haina nafasi kwa mgeni asiyelipia safari nzima. Mtoto aliyechagua kufunga ndoa meli ikiwa gatini huenda alifanya hivyo kwa ajili yenu, ili baba na mama waishuhudie ndoa bila kulipia siku saba za maji. Mwambieni asante kabla ya kumlaumu kwa lingine lolote.

Zile saa 72 ni jambo ambalo mzazi anaweza kukumbusha kwa upole. Mwulize mwanao: leseni umeichukua lini? Ikiwa ndugu wa bwana harusi ni mchungaji wa Methodisti kutoka Kaaga na familia inataka afungishe yeye, liulizwe kwa kampuni ya meli miezi mingi kabla, maana kampuni nyingi zina wafungishaji wao na hazipendi mabadiliko ya dakika za mwisho. Pengine atakubaliwa kusoma neno na kuomba tu. Kwa maoni yangu hilo linatosha.

Sasa tuje kwenye orodha, ambayo huvunja undugu kuliko jambo lingine lolote la harusi hii.

Huku kwetu harusi ni ya kijiji. Mtu akisikia muziki anaingia, anapewa sahani, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Melini kila jina hupelekwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, likiwa limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Anayeitwa Karimi nyumbani na kanisani, lakini pasipoti yake ina majina mengine mawili, aandikwe kwa majina ya pasipoti. Jina lililokosekana haliongezwi asubuhi ya harusi, hata akija shangazi aliyemlea bibi harusi. Kwa hiyo wazazi wa pande zote mbili wakae mapema, waamue nani anakwenda, kisha waseme wazi na kwa sauti moja. Ningewatanguliza wazazi wenyewe, kisha mzee mmoja wa kila upande mwenye afya ya kustahimili safari, kisha kijana mmoja anayejua simu, viwanja vya ndege na Kiingereza cha foleni. Watu saba wenye stakabadhi kamili ni bora kuliko ishirini wenye matumaini. Nami napinga kabisa harambee ya kuwapeleka jamaa kumi Texas. Fedha za jamii zitumike katika sherehe ya nyumbani, ambapo kila aliyechanga atakula na kucheza.

Kabla ya viza huja pasipoti. Wakazi wa ukanda huu wana nafuu: maombi hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen, na ofisi ya Uhamiaji ya Embu hupokea waombaji, hivyo mzee wa Chuka au Siakago hana haja ya kwenda kupanga foleni Nyayo House. Mwenye pasipoti aangalie tarehe yake ya kuisha kabla hajafanya lolote lingine.

Viza ya Marekani huombwa kwa fomu ya mtandaoni, kisha mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Ada ya ombi la viza ya matembezi ilipandishwa hadi dola 185 mwaka 2023, na hairudishwi hata ukinyimwa. Miadi ya mahojiano inaweza kuwa mbali sana, basi anzeni mara tu tarehe ya harusi inapotajwa, ikiwezekana mwaka mzima kabla. Mjue pia kwamba sheria yao humchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia huko hadi athibitishe vinginevyo. Mzee wa Imenti mwenye shamba la majani chai, ng'ombe wa maziwa na wajukuu wanaomtegemea ana sababu za kutosha za kurudi. Azieleze kwa lugha anayoiweza. Asikubali wakala amtengenezee taarifa ya benki yenye pesa asizokuwa nazo. Udanganyifu ukigunduliwa unaweza kumfungia mlango maisha yake yote. Akiulizwa anakwenda kufanya nini, ajibu ukweli mfupi: mwanangu anafunga ndoa tarehe fulani, ndani ya meli, Galveston, nitashuka kabla meli haijaondoka, nitarudi nyumbani tarehe fulani. Asiposema kwamba atashuka, ofisa anaweza kudhani mzee anakwenda kuzunguka bahari kwa wiki nzima, na maswali yatakuwa mengine kabisa.

Kufunga mizigo nako kuna hatari ambayo watu wa Meru lazima waambiwe bila kuzungushwa. Msibebe miraa. Najua nafasi yake katika posa kule Igembe na Tigania, ambako kitita kilichofungwa kwa heshima hutangulia maneno ya wazee. Najua pia mzee anayetafuna kidogo kila siku hamkusudii mtu ubaya. Lakini Marekani inaihesabu kathinoni iliyomo katika miraa mbichi pamoja na dawa za kulevya zilizopigwa marufuku kabisa, na mtu aliyekutwa nayo uwanja wa ndege hataiona harusi. Wanaobadilisha ndege Ulaya wasidhani wako salama: Uholanzi iliipiga marufuku Januari 2013, na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, marufuku iliyowaumiza wakulima wa Maua na Laare hadi mifukoni. Kijana anayewasindikiza wazee akague kila mfuko, hata makoti, hata mkoba wa shosho ambao jirani alisaidia kuufunga. Kitita cha posa kitolewe huku nyumbani, mahali pake.

Nyama ya aina yoyote kutoka kwetu, hata iliyokaushwa, itachukuliwa forodhani, na matunda mabichi vilevile. Asali, nafaka kavu na majani chai vitajwe kwenye forodha hata kama mnaamini vinaruhusiwa. Anayetaja akikataliwa hupoteza chakula tu, lakini anayeficha hutozwa faini. Mgwisho wa mkia wa ng'ombe nao utajwe. Melini kwenyewe kuna sheria nyingine juu ya hizi. Mishumaa na chochote chenye moto hakiingii, visu na simi haviingii hata vikiwa vya heshima, pombe ya kienyeji haiingii. Kiondo kilichosukwa vizuri, leso, na vazi la kumvika mkwe vinatosha, tena havimchokozi ofisa yeyote.

Safari yenyewe haitaki ubahili wa siku. Kutoka mji wa Meru kupitia Chuka, Embu na Mwea hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na barabara ile ikikwama hamna njia ya mkato. Laleni Nairobi usiku mmoja kabla ya ndege. Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, lakini Texas bado iko mbali kutoka hapo. Wengine hupitia Doha, Istanbul au Amsterdam hadi Houston. Kutoka uwanja mkubwa wa Houston hadi Galveston ni zaidi ya kilomita 100, na Galveston ni kisiwa, msongamano wa daraja lake siku ya meli ni mkubwa. Nawasihi mfike Texas siku tatu au nne kabla, na usiku wa mwisho mlale Galveston kwenyewe. Miguu ya wazee huvimba kwa saa nyingi za ndege. Saa za mwili nazo zinavurugika: Texas iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi, na mzee aliyefika jana atasinzia katikati ya viapo.

Hali ya hewa nayo mwijue. Msimu wa vimbunga katika Ghuba ya Mexico ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na katika miezi ya baridi ukungu mzito huweza kuifunga njia ya meli ya Galveston, hata meli ikachelewa kuingia. Ikichelewa kuingia, harusi husogea au hupunguzwa. Galveston wenyewe wanayajua maji: kimbunga cha Septemba 8, 1900 kiliua watu wapatao 8,000, na ukuta wa bahari unaoonekana leo ulijengwa baada yake. Maharusi waulizwe mapema: meli ikichelewa, mpango wa pili ni upi? Jibu likiwa "tutaona", wazazi wana haki ya kusisitiza lipatikane jibu bora.

Asubuhi ya harusi kunyweni chai mapema na mle vizuri, kwa sababu kati ya foleni na ibada hamtajua chakula kitakuja lini. Mjue gati ni lipi; Galveston ina zaidi ya jengo moja la abiria, na dereva aliyewashusha kwenye namba 25 wakati meli yenu iko namba 10 amewapotezea nusu saa. Kila mmoja awe na pasipoti yake mkononi, si nakala, si picha kwenye simu. Mara nyingi mgeni wa siku hupewa beji na kitambulisho chake kuwekwa mlangoni hadi atakaposhuka, asishtuke. Mizigo mikubwa ibaki hotelini. Mzee asiyeweza kutembea sana aombewe kiti cha magurudumu wiki kadhaa kabla, kwa sababu daraja la kupandia meli ni refu na lina mwinuko. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wake mwenyewe.

Kina mama wetu wana desturi nzuri ya kufunga lango na kuimba hadi upande wa bwana harusi utoe kitu ndipo wafunguliwe. Isijaribiwe bandarini. Foleni ile ina maelfu ya watu wasiohusika, na askari wa lango hataelewa kwa nini njia imezibwa. Fanyeni hivyo hotelini jioni ya kuamkia harusi, mkiwa huru, mlango wa chumba cha bibi harusi ukiwa ndio lango. Imbeni mpaka mchoke. Ndani ya meli, vigelegele baada ya viapo vinaruhusiwa na hupendwa. Nyimbo ndefu za kuzunguka ukumbi zitakatwa na saa. Kwa hiyo chagueni wimbo mmoja, mwufanyie mazoezi, na mwuimbe vizuri.

Hotuba nazo. Mzazi mmoja kila upande, dakika tatu. Naomba baba asitumie dakika zake kuorodhesha karo aliyolipa. Aseme jina la binti yake, jina la mkwe wake, na awabariki. Mengine ameyasema nyumbani wakati wa ruracio, kama alifuata ushauri wa kutanguliza mambo.

Zawadi zitolewe kabla au baada, si melini. Maharusi wanaingia safarini na hawana pa kuweka blanketi kumi na seti mbili za vyombo. Anayetaka kuwapa kitu siku hiyo awape bahasha.

Wachache watakaosafiri na meli, labda wasimamizi na ndugu mmoja, wana ya ziada. Viza yao ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikienda Mexico na kurudi Galveston wanahesabiwa kuingia upya. Wakague pia masharti ya kila nchi meli itakayotia nanga. Visiwa kadhaa vya Karibi humtaka Mkenya cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na zoezi la usalama lisipuuzwe hata kama harusi bado imo kichwani. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache tu baada ya kuondoka Civitavecchia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda jioni hiyo walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi la kuonyeshwa mahali pa kukusanyikia. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Bibi harusi akiwa na gauni lake, aende.

Kuagana ndiko kunakowaumiza wazazi ambao hawakujiandaa. Huku kwetu binti huondoka jioni, watu wakiwa wameshiba, na gari linapita polepole kati ya wanaoimba. Melini mfanyakazi mwenye sare atakuja saa nane mchana, pengine keki haijaisha, aseme kwa heshima kwamba muda wa wageni umekwisha. Mama asiachwe alikute jambo hilo hapo kwa mara ya kwanza. Aambiwe wiki moja kabla, aambiwe tena asubuhi, na mtu wa karibu awe na kazi moja tu ya kushuka naye akiwa amemshika mkono. Maneno ya mama kwa binti yake, yale ya faraghani, yasemwe usiku uliotangulia. Kulia kupo na si vibaya, lakini kilio cha mlangoni mwa meli, binti akivutwa upande mmoja na mama upande mwingine, humharibia fungate siku mbili nzima.

Alasiri msirudi hotelini kukaa kimya. Eneo la Pier 21 liko karibu na magati, kuna mahali pa kula, na kutoka pale mtaiona meli ikitoka bandarini. Siku inayofuata, kama nguvu zipo, tembezeni wazee mjini. Ni hapo Galveston, Juni 19, 1865, ilikotangazwa amri kwamba watumwa wa Texas ni huru, na tangu 2021 siku hiyo ni sikukuu ya taifa zima la Marekani. Mzee wa Embu anayeyakumbuka mambo ya Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni atakuwa na maswali ya kuuliza.

Waliobaki nyumbani wasisahauliwe, kwani ndio wengi. Ibada ya adhuhuri Texas huangukia saa mbili usiku Meru na Embu, au saa tatu wakati wao wa baridi. Hizo ni saa nzuri: kazi za shamba zimekwisha, mukimo umeiva, watoto hawajalala. Familia moja iwe mwenyeji, ikodi skrini na jenereta ya akiba, na kanisa lialikwe. Anayerusha picha kutoka melini atumie laini ya simu ya Marekani meli ikiwa gatini, asitegemee mtandao wa meli, na ajaribu siku moja kabla. Kijana mwingine ajiandae na video ya kumbukumbu ya ruracio, ili picha zikikatika watu wawe na cha kutazama.

Kwa maharusi ambao bado hawajalipa popote, nawaomba wafikirie pwani yetu. Mombasa kuna mkahawa wa Tamarind, wenye jahazi la kulia chakula linalozunguka mkono wa bahari wa Tudor, na mchungaji aliyesajiliwa anaweza kufungisha ndoa kwa sheria za Kenya, mradi ilani ya siku 21 imetolewa. Reli ya SGR imekuwa ikibeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu 2017, na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwa gharama ya tiketi ya mtu mmoja kwenda Texas, ukoo mzuri wa watu hufika baharini, shosho akiwemo, bila mahojiano Gigiri. Najua si wote wataweza kuja. Kuna wenye kazi na stakabadhi zinazowazuia kutoka Marekani. Lakini wanaoweza, walizingatie.

Ndoa ikishafungwa, karatasi zake zifuatwe. Texas humpa mfungishaji siku 30 kuirudisha leseni kwa karani wa kaunti ile iliyoitoa, na ni baada ya kuandikishwa hapo ndipo maharusi wanapopata nakala zilizothibitishwa. Wachukue zaidi ya moja. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 huitambua ndoa iliyofungwa nje kama ilifuata sheria za huko na wahusika walikuwa na haki ya kuoana, lakini nakala hizo zitahitajika siku ya kurithi, ya kununua shamba, au ya kumwandikisha mtoto. Sheria hiyohiyo inawataka waliooana kimila wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu, na inasema kiasi kidogo cha mahari cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa pale mahari yanapohitajika. Kwa kuwa ruracio imetangulia, familia iamue na wakili kabla ya safari ni ndoa ipi itakayoandikishwa, ya kimila au ya Texas, kwa maana ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu mke wa pili na ile nyingine hairuhusu. Swali hilo bibi harusi alijibiwe akiwa Nkubu, mbele ya baba yake, kabla hajaingia melini.